Chupa ya Tisa

Chupa kumi na mbili za maji ya mto Ngong,
toka daraja la Mukuru hadi nyuma ya kiwanda cha betri.
Nyaboke alizileta kwenye kreti ya soda,
tarehe kaziandika kwa kalamu inayovuja.

Risasi. Neno moja tu tunalo,
la bunduki na la majini.
Chupa saba zilipita kiwango, tano hazikupita.

Wapinzani wakaipeperusha saba pale Jevanjee,
ukurasa unaomtaja mwenye kiwanda, mfadhili wao,
ukaachwa mezani.
Serikali ikaikumbatia tano, ikaitia fremu.
Kisha uchaguzi, na viti vikapata makalio mapya:
wa saba sasa wanaapa kwa tano,
wa tano wamegundua saba, wanalia na akina mama,
na mto, ambao haujajiandikisha kupiga kura,
unateremka vilevile, mweusi, kuelekea Athi.

Nilicheka sana kantini, chai ikapoa.
Jioni nikafungua daftari langu.

Chupa ya tisa ilitoka safi.
Nikaipima tena. Safi.
Mara ya tatu ikavuka mstari kwa unywele,
na hiyo ndiyo niliyoandika.
Zile chafu sikuirudia hata moja;
zilikuwa zimeshasema nilichotaka.

Saba, basi, ni sita. Labda.
Nyaboke ananiuliza natafuta nini humo.
Nafunika ukurasa kwa kiganja.
Kwenye ukucha wa kidole kidogo
wino wa zambarau haujatoka.