Daftari la Kibandani

Limefungwa kwa kamba kwenye mguu wa benchi.
Penseli yake imetafunwa na mtu, si mimi.
Nje, upepo wa mashariki unapanda kutoka baharini
bila kubisha hodi,
na mnara wa taa wa Withernsea umesimama katikati ya nyumba za watu
kama mgeni aliyekosea harusi.

Nimetoka zamu ya usiku, viatu vinanuka dawa ya sakafu.
Ningelala. Lakini ni Aprili,
na wanaopita Aprili hawapiti mara mbili.

Nasoma.
"Mhozi dume, ukuta wa kanisa, kifua rangi ya chai ya maziwa. J. Stothard."
"Mhozi huyohuyo, sasa yuko juu ya gari langu. Kieran."
"Mbayuwayu watatu, wakielekea kaskazini. Hawakutua. W. Ombler."
"Bata. Sijui bata gani. Mvua." Hakuna jina.
"Korongo mweupe, juu ya duka la samaki. Trevor."
Chini yake: "Ni shakwe, Trevor."
Chini yake tena, penseli ikikaribia kutoboa karatasi:
"Shakwe nawajua, Janice. Wameninyang'anya chipsi."

Nimejifunza adabu ya daftari hili.
Huandiki ulichotamani.
Ulichoona, ulichosikia, basi;
na "labda" ina safu yake, pembeni, nyembamba.

Mzee Ombler huja na chupa ya chai na mto wa kukalia.
Alianza kuandika humu wakati kibanda kilikuwa
hatua mia mbili toka ukingoni.
Sasa ni hatua thelathini na moja. Huzihesabu kila Jumatatu,
na hizo pia huziandika, kati ya teleka na buabua,
kana kwamba bahari nayo ni ndege wa kuhama.

Ndipo kichaka cha pili kikaanza kushona.
Ndiyo, kushona: cherehani inayokanyagwa
na fundi asiyekata uzi, asiyevuta pumzi,
sauti nyembamba inayokwenda tu, inakwenda.
Nikamgusa mzee mkono.

Akavua kofia. Akakinga sikio kwa kiganja.
"Bado anaimba?"
"Bado."
"Na sasa?"
"Amenyamaza. Ngoja. Ameanza tena."
Akatabasamu, akikitazama kichaka kisicho chake.

Miaka arobaini na sita alimwandika ndege huyu,
kila majira ya kuchipua, kwa jina na kwa dakika.
Akavuta daftari. Akaandika tarehe, upepo, baridi.
Penseli ikasimama.
"Andika wewe," akasema. "Mimi nimeusikia mkono wako tu."

Sikulijua jina wanalomwita wao.
Nikaandika kwa lugha niliyonayo:
"Kucha mmoja, kichaka cha pili. Ameshona usiku kucha."
Na saa nikaiandika kama alivyonifundisha mama, 11:40,
alfajiri, jua halijatoka.
Nikatia sahihi: Mwanakheri B.

Kesho yake nimekuta mwandiko wa Janice:
"Saa hiyo jana, karibu na adhuhuri, nilikuwa hapa mwenyewe.
Palikuwa na ukungu. Hapakuwa na mshonaji yeyote.
Na haya maneno ndiyo nini?"

Chini yake, herufi zinazotetemeka, zimeinama kama majani ya pwani:
"Saa zake huanza kuhesabiwa jua likichomoza, na tena likizama. Ameniambia.
Ni sahihi kuliko zetu.
Nilikuwepo. Mimi sikusikia. Yeye alisikia.
Isiwekwe kwenye labda. W. Ombler."

Halafu nafasi ya mstari mmoja, doa la chai,
na chini kabisa:
"Mhozi ameondoka. Gari nimeliosha. Kieran."