Hati ya Kiapo

Wakili anataka karatasi. Anasema
shamba la Rongai, ekari mbili na robo,
limeandikwa Ambler, na mimi ni Ambula,
na sheria haijui kwamba ulimi wa Maragoli
hauachi herufi zibanane
bila kuzipitishia pumzi katikati.

Basi niko Nakuru, chumba cha nyuma cha kumbukumbu.
Vumbi la Menengai limelala juu ya miaka.
Bwana Sigilai ananipa glavu moja
("ya kushoto ilipotea zamani")
na daftari la vipande la 1929,
linalonuka gundi na popo.

Nyumbani tulikuwa na hadithi zetu.
Baba alisema Ambula alikuwa jemadari
aliyemng'oa chui meno.
Binamu yangu wa Kisumu, aliyesoma, alikataa:
jina ni la Kiluo, tulivuka mto Yala na ng'ombe wetu.
Mwalimu wa Kiswahili alinitania darasani:
Ambula, kama kuambaa,
ukoo wa kupita kando kando ya mambo.

Nilimwandikia hata mtunza kanisa huko Uingereza.
Akajibu upesi, kwa furaha ya mtu asiyeandikiwa barua.
Ambler, alisema, ni mchunga farasi wa mwendo wa pole.
Akanitumia picha ya ukurasa wa 1694:
Ambeler, Amblar, Hambler,
ndugu watatu wa tumbo moja, karani mmoja,
na mahali pa sahihi kila mmoja
ameacha unyayo wa kuku, mistari miwili iliyopishana.
Kumbe nao hawakujua kuliandika.
Nilicheka. Kisha nikaacha kucheka.

Ukurasa wa mia na kumi na mbili.
Wino umegeuka rangi ya chai.
Kabila: Kavirondo.
Umri: kama ishirini.
Kazi: ngano, Njoro.
Jina: Ambler.
Jina la baba: kistari tu.
Na pembeni, mwandiko wa mtu mwenye njaa ya saa sita:
*Hajibu. Amevaa gunia.*

Nampigia shangazi Rasoa, Chavakali.
Sauti yake inapenya kati ya kuku na redio.
Namsomea. Kimya.
Halafu anacheka hadi anakohoa.
"Si lile gunia la unga!
Mvua ilimkuta Timboroa, siku ya sita ya kutembea.
Akatoboa matundu matatu, akalivaa.
Mgongoni palikuwa na jina la mwenye kinu.
Karani alimuuliza kwa Kizungu, akamuuliza kwa Kiswahili,
mwishowe akamgeuza kama mbuzi sokoni, akasoma."

Kwa nini hamkutuambia?

"Mliuliza? Nyinyi mlikuwa mkiuliza jina la shujaa."

Na lake?

"Vugutsa," anasema, kama mtu anayeita mtoto aje kula.
"Vugutsa. Hilo hata gunia lilikuwa halijui."

Namtafuta Vugutsa hadi saa ya kufunga.
Hayumo katika ngano, hayumo katika maziwa,
hayumo katika kodi ya vibanda, waliofungwa, waliotoroka.
Yuko mahali pamoja tu, chini ya mstari wa Ambler:
kidole gumba, cheusi,
matuta yake yakizunguka kilima kidogo kisicho na jina.
Naweka changu juu yake. Cha kushoto, kisicho na glavu.
Bwana Sigilai anakohoa
na kugeuka kuwatazama njiwa dirishani.

Hati ni shilingi elfu tatu na mia tano.
Mimi, nikiapa, nasema kwamba Ambler na Ambula
ni mtu mmoja na yule yule.
Naongeza kwa kalamu: *na Vugutsa.*
Wakili anachukua rula,
anamkata kwa mstari ulionyooka vizuri.
"Huyu," anasema, "hana shamba."