Mche kutoka kwa Domitila

Mche ulikuja umeviringwa gunia
mgongoni mwa dada yangu Domitila.
Pale Mnanila mpakani walimdai kitambulisho;
mche hawakuuliza.

Nikaupanda nyuma ya jiko, penye majivu,
siku kitinda mimba wangu alipopewa jina.
Kwenye maungio ya jani na shina
vidukari wa rangi ya ulezi
walikaa wakinyonya, kimya.

Mwaka wa pili majani yakasimama wima,
membamba, yamebanana kileleni
kama watu kwenye foleni ya sukari.
Mkungu haukutoka.

Restuta, bibi shamba wa Buhigwe,
akaligeuza jani juani: “Soma.”
Nukta, kistari, nukta, nukta, kistari,
kijani kilichoiva kandokando ya uti.
Mimi niliyeishia darasa la nne
nikasoma: hapa huli.

“Kirusi hakina miguu,” akasema.
“Hupanda kidukari, na kidukari hupanda zawadi.
Ndivyo kilivyovuka bahari,
kisiwa hadi kisiwa, kwa watu wasiojuana.
Binamu zake wamo kwenye mihogo yako,
wanasafiri na nzi weupe.
Wengine wako kwenye mahindi.”
Aliendelea kutaja.
Mimi nilikuwa naiona mikono ya Domitila.

Tulimwaga maji ya sabuni kwanza,
wadudu wasihamie kwa Nyabenda.
Kisha jembe, kisha panga.
Mashina arobaini na moja.

Jana dada kapiga simu.
“Mgomba wangu umeshazaa?”

Nikamwambia huku mvua zimenyesha vizuri.