Bamba la Kioo

Baridi ile, Yerevani ilipata umeme saa moja kwa siku.
Majirani walichoma viti, wakabandua sakafu, wakaichoma nayo.
Mama alipanda Aragatsi, soksi tatu kila mguu,
akalifungua kuba kwa mkono, gurudumu likilia kwa kutu.
"Heri giza," alisema, akajuta kusema.

Galaksi moja, ileile, bamba la kioo juu ya bamba,
miaka ishirini na sita.
Kitovu kinang'aa, kinafifia, kinang'aa:
mna mlaji mle, husikii ila utafunaji wake.

"Na hilo shimo jeusi, umeliona?"
Bibi aliuliza, akimenya kiazi.
"Halionekani, mama. Naona nyota tu, zinavyolizunguka mbio."
Bibi akanyamaza. Ganda likakatika.
"Kama kiti cha Vahani."

Hakuna aliyekikalia tangu baba aende mpakani.
Wala hakuna aliyekichoma.
Tulipita na sahani, ubavu ubavu,
tukikizunguka.

Mama hakujibu. Alivuta daftari karibu na mshumaa,
vidole vimekufa ganzi,
akaandika tarehe, na chini yake:
mwanga umepungua kidogo.