Mita Saba na Nusu

Nianze kwa kukitendea haki chombo kipya,
nisije nikaambiwa nina kijicho.
Kina mita kumi na tatu. Ndani nasimama wima
na kofia kichwani. Kina jokofu, kina maji ya moto,
kina sukani mbili, kana kwamba Torkel
angetaka kwenda huku na mimi kule.
Nabonyeza kitufe, tanga linapanda lenyewe
kama pazia la hoteli. Nabonyeza kingine,
omo inajisogeza ubavu hadi gatini,
na majirani wa Mollösund hawana tena la kucheka.

Magoti yangu yana miaka sitini na minane.
Magoti yangu yanakipenda. Hilo nimeliandika, liishe.

Lakini Tärnan.
Mita saba na nusu, mbao za msonobari,
taruma za mwaloni, mwaka wa hamsini na tisa.
Ukitaka kuvaa suruali, ulilala chali.
Ukitaka kupika, mwenzio alitoka nje,
mvua inyeshe isinyeshe.
Jiko moja la spiriti, lililochemsha kahawa
na kuunguza nyusi zangu.
Kila barafu ilipoyeyuka tulijilaza chini ya tumbo lake,
pamba mkononi, lami kwenye nywele,
tukimkalafati mshono kwa mshono,
naye akatulipa kwa kuvuja mahali papya.
Ngama yake niliijua kuliko sauti ya mama mkwe:
ndoo kumi asubuhi, nane usiku,
ishirini Torkel aliposema, "Kidogo tu, tuipite ile rasi."

Nilimchukia, tena mara nyingi.
Kuna siku tulikuwa kwenye joshi, upepo wa kusini magharibi,
tanga la mbele likachanika pembe hadi pembe.
Nikatapikia viatu vya Torkel, navyo vilikuwa vipya,
nikaapa kwamba nikikanyaga nchi kavu
cha kwanza ni talaka.
Tukatia nanga nyuma ya jabali jekundu.
Hatukusemezana.
Ila chumvi ilikuwa upande wake, mkate upande wangu,
na kati yetu urefu wa mkono mmoja.
Akasema, "Chumvi?"
Nikasema, "Mkate?"
Suluhu ndiyo hiyo. Mle ndani
hasira haikuwa na pa kulala;
ungeilaza katikati yenu, nayo inakoroma.

Mwaka huu, mwezi wa sita, usiku usioingia giza,
tuligombana juu ya jina.
Yeye anataka la mama yake,
mimi nataka neno lisilo la mtu.
Chombo kipya kina vyumba vitatu,
kila chumba mlango, kila mlango kitasa,
na kitasa hakipigi kelele.
Akaenda tezi. Nikaenda omo.
Tezi na omo, marejeo ngamani, ndivyo isemwavyo;
ila ngama ya hiki ni kavu, pampu inajiwasha,
hakuna cha kuturudisha huko.
Siku mbili tukasafiri hivyo, kwa adabu,
tukiandikiana kwenye simu:
Kahawa tayari. Asante.

Jana Tärnan alitupita.
Upepo ulikuwa kiduchu, pumzi ya mgonjwa,
sisi tumeganda na uzito wetu wote,
naye anateleza na kiraka changu kwenye tanga,
kile nilichokishona mimi, kimekwenda upande.
Elof, aliyemnunua kwetu, ameshika usukani;
Vendela anafua maji, anamtukana,
ndoo inakwenda na tusi, inarudi na tusi.
Kisha nikaona mkono wa kijana
ukinyooka na kikombe,
na yule binti, bila kuacha kutukana, akakipokea.

Nikachukua chumvi jikoni.
Hatua kumi na nne hadi tezi, nilizihesabu.
Nikagonga. "Chumvi?" nikasema,
kwa sauti ya mtu asiye na shida yoyote.
Kitasa, nimeshakwambia, hakipigi kelele:
nilijua kimezunguka
nilipoona mwanga miguuni mwangu.