Herufi Moja

Mashine inagonga ubavuni mwa Ami Muhenna
kama mgeni asiyetaka kuamsha nyumba nzima:
tok, tok, mara kumi.
Kalala chali, dishdasha kaikunja hadi kifuani,
mkono nyuma ya kichwa, macho kwenye kiyoyozi.
Nasoma namba. Ini limekuwa gumu
kama halwa ya juzi isiyofunikwa.

Hajaonja tone maishani mwake.
Lakini Mawaleh yote ilikwisha kuhukumu:
"Ini halioti makovu bure.
Alipokuwa Dubai miaka ile, nani alimwona?"
Na mkewe, Bi Zuweina, akaanza kunusa vikombe.

Sisi husema fulani kakatwa maini
tukimaanisha neno limemwingia.
Basi Ami alikatwa, kovu juu ya kovu,
na kwa hayo maabara yetu haina kipimo.

Nilimtoa damu mwenyewe,
mrija mmoja, kifuniko cha zambarau.
Wiki tatu za Julai, lami ya Al Khoudh ikinata viatuni,
kisha jibu likaja, karatasi moja:
kwenye jeni inayoliongoza ini liyaachie mafuta yake,
pale wengi wanapobeba C, yeye ana G,
ya baba na ya mama, nakala zote mbili.

Herufi moja.
Ibadili moja tu, na kavu inakuwa kovu.

Daktari akasema: si hukumu hii,
ni mlango ulioachwa wazi.
Halwa, na wali wa saa nne usiku,
ndivyo vilivyoingia.

Kwenye majlis ya Ami kuna shajara ndani ya fremu:
Ibra, kisha Unguja, kisha hapa,
bin juu ya bin hadi dari.
Nimeitazama tangu utotoni, jana tu nikaona
hakuna mama hata mmoja.
Na herufi ile ilipita kwao pia,
waliokanda, waliozaa, wasioandikwa.
Nasaba tuliihifadhi kwa ghibu;
vinasaba vilituhifadhi sisi,
bila kutuuliza.

Nilimsomea polepole. Akanyamaza.
"Kwa hiyo haikuwa mimi?"
Nikasema, ni wewe, Ami, ila si walivyosema.
Akacheka kidogo, akashika ubavu.
"Na wewe, Shinuna? Babu yetu ni mmoja."

Mrija wangu uko ndani ya friji ya kazini,
rafu ya pili, nyuma ya ya watu.
Nimeuandika jina. Sijaupeleka.

Akaomba nimpigie chapa karatasi,
kwa maandishi makubwa, kwa Kiswahili,
akaiweka mezani kando ya dalla.
Bi Zuweina hakuisoma.
Alichukua kikombe cha mumewe, akakigeuza,
akaenda kukiosha
bila kukinusa.