Maua Yasiyoliwa na Mbuzi

Mimi ni fundi wa baiskeli, Ahero, mkabala na mizani ya mpunga.
Tundu lililojificha nalijua: naizamisha tyubu majini,
nangoja povu liseme.
Lakini shavu la Odoyo lilipoanza kuvimba
nilisema ni jino. Kila mtu alisema ni jino.
Tuling'oa moja, kisha la pili,
na uvimbe ukazidi kuja, kama tyubu inayojazwa
na mtu asiyejua kuacha.

Kisumu, pale wazee bado wanapaita Rusia,
walimpima kilo kwanza. Kumi na saba na nusu.
Nikadhani ni desturi tu. Kumbe sumu
hukatwa kwa uzito wa mtoto, kama sukari dukani,
ila hapa muuzaji akizidisha
hakuna wa kushukuru.

Sista Khavugwi alinifundisha kutamka:
sai-klo-fos-fa-mai-di. Nilijikwaa kila kituo.
Me-tho-trek-sa-ti.
Vin-kri-sti-ni: hili lilinikaa mdomoni mapema,
kama jina la msichana wa kwaya.

"Anywe maji," akasema, "akojoe, anywe tena."
Basi nikawa karani wa mikojo ya mwanangu,
naandika vikombe kwenye daftari la madeni,
ukurasa mmoja na Onditi,
tairi la nyuma, mia tano, hajalipa.

Alitapika uji. Alitapika maji.
Alitapika kabla ya sindano, alipousikia tu
mlio wa magurudumu ya kile kitoroli.
Siku ya tano shavu likanywea.
Sikuamini. Nililibonyeza polepole,
nibonyezavyo kiraka, kuona kama gundi imeshika.

Kuna wiki dawa haikuwepo. "Jaribu nje."
Nje ni duka la ng'ambo ya barabara.
Niliuza kile chuma cha kunyooshea rimu, cha marehemu baba,
nikarudi na kichupa kifupi kuliko kidole gumba,
ndani ya barafu, nimekikumbatia.

Mfamasia, kijana mmoja Wesonga, akaniambia
vinkristini ilianzia kwenye ua.
"Lile la waridi, petali tano. Watu hupanda makaburini."
Nilinyamaza njia nzima hadi nyumbani.
Kaburi la mama limezungukwa nalo.
Mbuzi wangu hula karatasi ya saruji, hula kamba,
walikula kitabu cha nyimbo cha shemeji,
lakini yale maua huyapita kwa adabu.
Miaka kumi na mmoja nayafyeka nikiyaita magugu.
Dada yangu Akeyo alipotaka kuyachemsha
nilimpokonya sufuria.
Ua ni ua. Dawa ni kipimo.

Tena si bure. Ile ile iliyoyeyusha shavu
ilimwacha akiburuta vidole vya miguu
kama aliyevaa viatu vyangu.
"Baba, mguu umelala, hauamki."
Dawa ya moto ni moto, niliambiwa tangu utoto.
Majivu hakuna aliyeyataja.

Bado mizunguko miwili. Daktari hasemi anajua,
nami nimeacha kumbana.

Jana Odoyo alitaka ile baiskeli ndogo
ambayo mwenyewe hajaifuata tangu Pasaka.
Mguu uliteleza, pedali ikazunguka peke yake.
Nikakata utepe wa tyubu, upana wa vidole viwili,
nikafunga kiatu na pedali, si kwa nguvu,
nikakimbia nimeshika kiti,
tukapita mizani, tukapita wanawake wanaoanika mpunga,
upara wake uking'aa mbele yangu.
"Usiniachie!" alipiga kelele.
Halafu, baada ya daraja la mfereji:
"Niachie."

Nililegeza vidole.
Sikuachia.